Nafasi ya Melchior Mbele ya Goli

Jumapili, tarehe 2 mwezi wa tano 1965

Tumefungwa tena. Na Vuhovi! Wakulima wa maharagwe, wawili kati yao wanacheza na kofia kichwani. Tatu kwa sifuri. Sisi Étoile ya Mususa, timu iliyokuwa inatetemesha Butembo nzima, leo tunatembezwa na watu wenye kofia.

Sababu kila mtu anaijua. Tunacheza watu kumi. Katikati, mbele ya goli la adui, pale anaposimama avant-centre, hakuna mtu. Majani matupu. Si kwamba wachezaji wameisha. Wamejaa! Wamekaa benchi wanakula karanga.

Nafasi ile ni ya Melchior. Mwaka jana waasi walipokuwa wanakimbia mji walimkamata, wakambebesha mizigo yao na kuondoka naye kuelekea Beni. Hakurudi. Maiti haikuonekana, habari haikusikika. Na kwa wenzangu hawa, mtu ambaye hamjamzika, mahali pake hapakaliwi. Ukipakalia, wewe ndiye umemzika. Basi mama yake, Mama Kyakimwa, anakuja kila mechi, anakaa kando ya uwanja upande wangu wa kulia, na anaangalia majani yale mpaka filimbi ya mwisho.

Mimi namheshimu sana Melchior. Lakini tusidanganyane. Miaka yote aliyofunga, nani alimpa mipira? Mimi Jumaine, winga wa kulia. Nakimbia, napiga chenga, natia krosi, yeye anaruka na kuweka kichwa. Kisha anayebebwa mabegani ni Melchior! Mimi narudi nyumbani kwa miguu yangu, nimebeba viatu vya wawili.

Tarehe 23 tunacheza na Beni. Mechi kubwa ya kwanza tangu vita. Siku hiyo avant-centre nitakuwa mimi. Mpango ninao.

Jumatatu, tarehe 3

Mpango wa kwanza: kapteni. Nzanzu ni seremala. Nilimkuta anapiga randa. Sikuingia moja kwa moja, mimi si mshamba. Nilisifu mbao. Nilisifu meza aliyokuwa anaitengeneza. Nikasema, kwa utaratibu, kwamba meza yenye miguu mitatu haiwezi kusimama. Akaniangalia, akasema hii ina miguu minne. Nikamwambia nazungumzia timu. Akasema basi niseme timu, niache meza ya watu.

Nikamweleza yote. Beni wanakuja na malori mawili ya mashabiki. Tutaaibika. Kuna mtu mmoja mwenye uzoefu wa kutosha kuziba pengo lile, na sitaki kumtaja jina. Nzanzu alifuta vumbi la mbao usoni. “Jumaine, mimi hapana weza kuzika mutoto ya mutu. Enda kwa mama yake. Akisema ndiyo, bon, utasimama.”

Safi! Kumbe ni mama mmoja tu. Na mimi na akina mama tunaelewana vizuri. Nilipomwambia hivyo mke wangu Nasiba, alicheka mpaka akaitua sufuria chini.

Jumatano, tarehe 5

Nilikwenda kwa Mama Kyakimwa na chumvi. Tangu vita chumvi imekuwa adimu, hakuna mama anayeikataa. Niliitoa jikoni kwetu, Nasiba akiwa mtoni anafua.

Alinipokea vizuri mno. “Karibu, mutoto yangu, ikala.” Nikakaa. Nikamwangalia. Haangalii uso wangu, anaangalia ninapokalia. Ee Mungu! Kile kiti kifupi cha karibu na moto! Viti vilikuwapo vingine, na benchi, na gogo, mimi makalio yangu yakachagua kiti cha Melchior!

Niliruka juu. Chumvi yote ikaingia kwenye majivu. Hakunigombeza, na hapo ndipo niliumia zaidi. Alikipangusa kiti kwa upindo wa kitenge chake, taratibu, akakirudisha mahali pake. Kisha akaniuliza nilikuwa nimekuja na neno gani. Nikasema nimekuja kumpasulia kuni.

Nikapasua kuni mpaka magharibi. Mikono yote malengelenge. Akanipa ugali na sombe, yale majani ya muhogo, nikala nimesimama. Akashukuru sana. Ila akasema Melchior alikuwa anazipasua nyembamba kidogo kuliko hizi.

Hata kwenye kuni!

Nyumbani Nasiba anatafuta chumvi. Nimemsaidia kuitafuta.

Jumapili, tarehe 9

Mpango wa pili ulikuwa mzuri sana, na nausema hivyo hata sasa. Unaitwa kuhama. Mtu hahami siku moja. Anasogea. Leo tulicheza na timu ya walimu. Kipindi cha kwanza nilisogea kutoka kwenye mstari kidogo tu, nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nikasogea tena. Mpira ukienda kushoto, wote wakiangalia kushoto, mimi nasogea. Kipindi cha pili nikajikuta katikati kabisa.

Jamani! Goli ukiliona kutoka pale ni pana ajabu! Ndiyo maana alikuwa anafunga, bwana! Hata Nasiba angefunga! Nikasimama pale nimejaa raha, nangojea mpira.

Nikasikia mtu ananivuta mkono wa jezi. Nikadhani ni beki, nikamsukuma. Hakuwa beki. Alikuwa Mama Kyakimwa, katikati ya uwanja, viatu mkononi ili asivichafue. Mwamuzi akapiga filimbi, hajui atoe faulo kwa nani. Mama akamwomba radhi vizuri, kwa Kifaransa, pardon monsieur, akanishika mkono wa jezi na kunirudisha pembeni kama mtu anayerudisha mbuzi wake shambani. Tulipofika kwenye mstari akaniachia. “Kaa hapa, mutoto. Hapa njo unajuaka.” Yaani hapa ndipo ninapopajua.

Watu wote wakampigia makofi. Tumetoka sare. Hakuna aliyekumbuka kwamba nilicheza.

Jumanne, tarehe 11

Nasiba anasema usiku napiga kelele usingizini. Eti nasema: Melchior, ruka! Melchior, ruka! Anasema nimemkosa rafiki yangu na sitaki kukubali. Nikamwambia upuuzi, hayo ni maneno ya kazini, hata fundi cherehani huota nguo.

Akasema na jambo la pili. Mwanamke huyu huja uwanjani kuuza maandazi, kumbe macho yake yako kwenye mpira. Anasema krosi zangu zote bado zinakwenda kwenye urefu wa kichwa cha Melchior. Nzanzu anasimama peke yake kule mbali, ananipungia mikono yote miwili, mimi natupa mpira pale pale hewani ambapo hakuna mtu. Nikamjibu kwamba mguu una mazoea yake. Akaniangalia kwa lile jicho analowaangalia nalo watoto wenye homa.

Jioni nilipita kwa Mama Kyakimwa, kumpasulia kuni. Nyembamba safari hii. Ni mbinu tu, nisieleweke vibaya. Nilimkuta anamenya viazi vingi. Nikamuuliza kama ana wageni. Akasema hapana, bado anapika vya watu wawili, mkono wake haujui kupika vya mmoja, na kila jioni anawapelekea majirani vinavyobaki. Kisha akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: “Kama alikufa, baniambie. Kama iko muzima, baniambie. Lakini hii ya katikati, Jumaine, njo inanikula.”

Nilipasua kuni zote zilizobaki. Sikutaka aone uso wangu.

Njiani nikapata akili. Habari! Kinachokosekana ni habari, ya namna yoyote. Amekufa? Tunalia, tunamwombea, nafasi iko wazi. Yuko hai Stanleyville na mke mpya? Tunamtakia heri, nafasi iko wazi. Mpango wa tatu ndio huo, na Alhamisi lori ninalofanyia kazi linapanda Beni.

Alhamisi, tarehe 13. Beni

Mimi ni msaidizi kwenye lori la Mzee Lukumani. Napakia, nashusha, na njiani nakaa juu ya mzigo. Leo mzigo ni kabichi.

Kabla ya kuingia Beni kuna kizuizi cha wanajeshi. Mmoja akanishusha, akaniuliza mimi ni nani. Jibu lilikuwa rahisi: msaidizi wa lori. Mdomo wangu huu! Nikasema mimi ni avant-centre wa Butembo. Akawaita wenzake. Wakasema basi waonyeshe. Nikasema mpira hakuna. Yule askari akapanda mwenyewe juu ya lori na kushuka na kabichi.

Niliipiga danadana kabichi. Kwenye mguu ilikwenda vizuri. Kwenye goti ilikwenda vizuri. Nikajisahau, nikaweka kichwa. Ikapasuka, majani yakanifunika mpaka mabegani. Wanajeshi wakalala chini kwa kicheko. “Avant-centre ya solo!” wakawa wanapiga kelele kwa Kilingala chao, eti wa kweli kweli. Mzee Lukumani hakucheka. Kabichi ilikuwa yake.

Yule askari alipomaliza kufuta machozi akasema nisione haya, kazi hiyo ina wenyewe. Huko Mbau, barabarani, kuna kilema mmoja anauza mchele, anafanya hivyo hivyo kwa chungwa, na haliangushi. Amesimama kwa mguu mmoja! Wateja wanasahau mchele wanaangalia chungwa.

Nikamuuliza kama huyo mtu ni mrefu. Ndiyo. Nikamuuliza kama ana kovu kwenye nyusi. Hakuangalia nyusi. Nikamuuliza kama anatoa ulimi nje akiangalia chungwa. Akapiga makofi. Ndiyo! Ulimi! Anautoa wote!

Nilipanda juu ya kabichi nikakaa. Macho yakatoa maji, barabara hii ina vumbi baya. Mzee Lukumani akaniuliza kama kabichi imeniumiza kichwa, nikasema ndiyo.

Lakini habari imepatikana! Mpango unakwenda vizuri kabisa.

Ijumaa, tarehe 14. Mbau

Tuliswali Beni, kisha tukapanda Mbau kufuata mchele.

Yuko pale. Chini ya paa la mabati, mifuko miwili mbele yake. Mguu wa kulia umenyooka, haukunji goti. Aliponiona alitaka kukimbilia ndani. Nikamfikia mlangoni. Ni mara ya kwanza maishani kumshinda Melchior kwa mbio, na sikufurahia hata kidogo.

Tulikumbatiana, tukaanguka wote juu ya mfuko wa mchele. Alilia. Mimi nilikuwa na lile vumbi la jana.

Alinieleza. Waasi walipopigwa njiani kila mtu alikimbia, naye akakimbia na mzigo bado mgongoni, risasi ikaingia gotini. Watu wa hapa wakamficha, wakamtibu walivyoweza. Nikamuuliza kwa nini basi hakutuma hata neno moja kwa mama yake. Akaanza kuchezea mchele kwa vidole. “Pale Butembo nilikuwa nabebwa na muji muzima. Sasa nirudi na fimbo? Mama anione hivi? Acha akumbuke ule mwengine.”

Kisha akauliza nani anasimama mahali pake. Nikasema hakuna. Akasema nisimdanganye. Nikamwambia tunacheza kumi, hata na Vuhovi tulicheza kumi, wakatufunga na kofia zao. Akainamisha kichwa mpaka nikadhani amelala. Alipokiinua alisema neno ambalo sikulitegemea. “Enda baambie nilikufa. Na pale mahali, ingia wewe. Hapana mutu mwengine. Wewe.”

Mwenyewe! Kwa kinywa chake! Kila kitu nilichotaka, nimepewa, sikuomba hata. Nikampa mkono, tukakubaliana kiume.

Alinipikia wali na samaki wa kukausha. Sikuweza kula. Joto la Mbau si la kawaida.

Jumamosi, tarehe 15

Njia nzima nilijifunza hotuba, juu ya mifuko ya mchele. Mama, kazi ya Mungu haina makosa. Hapana, ni nzito. Mama, jikaze. Hapana, inaanza vibaya. Nilijaribu na uso wa huzuni pia, kwa sababu uso ni nusu ya habari. Mzee Lukumani aliponiona kwenye kioo alisimamisha lori kuniuliza kama jino linauma.

Nilikwenda moja kwa moja kwake, kabla sijafika nyumbani. Anamenya viazi. Vya watu wawili. Nikasema: Mama, nimetoka Beni. Akaweka kisu chini. Nikasema: Mama, Melchior. Akasimama. Mikono yake ilikuwa na maji ya viazi na haikujua iende wapi.

Hotuba ilikuwa tayari kwenye ulimi. Naapa ilikuwa tayari. Nikafungua kinywa, nikasikia mtu anasema, “Iko Mbau, anauzisha muchele, goti yake iliharibika, ananenepa, anakusalimia.” Mtu huyo ni mimi. Hata salamu hakunipa, nimeitunga!

Hakupiga vigelegele. Alikaa chini, ardhini pale pale penye maganda. Akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula. Anakula nini? Nikasema wali. Akaniangalia. “Muchele tu? Bila mboga?” Na hapo ndipo alipoanza kulia, akalia kama mtu anayetua mzigo aliobeba tangu mbali, nami nikakaa chini kando yake.

Nimeharibu kila kitu. Mjinga mimi! Nafasi ilikuwa mkononi! Nilimweleza Nasiba yote, tangu kabichi mpaka maganda, nikingojea aniambie mjinga. Akanishika kichwa akakiweka begani kwake. Hata chumvi hakuitaja, ingawa najua sasa anajua.

Jumanne, tarehe 18

Mama Kyakimwa amepanda lori mbele, pembeni ya Mzee Lukumani, na kikapu cha mboga kwenye magoti. Mimi juu.

Melchior alituona tangu mbali. Akaniangalia mimi kwanza, kwa macho ya mtu aliyeuzwa. Nikajificha nyuma ya tairi. Akajiweka nyuma ya mifuko yake, amekaa, mguu ameufunika na gunia. Nilidhani mama atapiga kelele, atamrukia, ataanguka. Hapana. Alisalimia kama mteja. Akakaa mbele ya mfuko, akachota mchele kwenye kiganja na kuanza kuuchagua. “Muchele yako iko na majiwe mingi.”

Mama akachagua, akachagua. Kisha akalitoa lile gunia, akapandisha suruali na kuweka mkono kwenye goti. Akauliza kama mvua ikinyesha linauma. Melchior akasema ndiyo, mama, linauma. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo.

“Mimi nilizala mutoto,” mama akasema. “Sikuzala avant-centre. Panda lori.”

Akapanda. Yaani nilimsukuma mimi kutoka chini, na ni kweli amenenepa. Mchele tulimwachia mwenye nyumba. Njiani tulikaa wawili juu, upepo unatupiga. Akaniuliza kwa nini sikusema alivyoniagiza. Nikasema nilisahau. Akacheka, akanipiga begani, akacheka tena. Ulimi nje.

Nimepiga hesabu upya. Yuko hai, lakini hawezi kucheza. Mama anajua. Na ruhusa alinipa mwenyewe. Kumbe sikuharibu chochote! Jumapili avant-centre ni mimi!

Jumapili, tarehe 23

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Nzanzu aligawa jezi. Nikanyoosha mkono kupokea ya avant-centre. Akapita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya mti, akampa Melchior! Anasema nafasi ina mwenyewe, na mwenyewe amerudi, sasa yeye kapteni afanye nini? Nikapinga kwa nguvu, kwa ajili ya afya ya Melchior. Melchior mwenyewe akapinga. Akasema atachekwa. Watu wakamgeukia Mama Kyakimwa. Akasema asimame kidogo tu, aone.

Mwamuzi alikataza fimbo. Melchior akaiacha kwa mama yake, akaenda katikati hivyo hivyo, akirusha mguu, uwanja mzima kimya. Akafika pale kwenye majani. Akasimama. Sasa tuko kumi na mmoja. Bibi mmoja akapiga kigelegele, kisha ikawa kelele ambayo sijaisikia tangu uhuru.

Mabeki wa Beni walimsalimia kwa heshima, wakamuuliza hali, kisha wakamwacha. Nani atamkaba kilema? Wakanijia mimi, wote. Walinipiga miguu kipindi chote. Sifuri kwa sifuri, mwisho unakaribia, mimi nina mpango wangu: nikipata mpira nafunga mwenyewe. Kisha tutaona nani anabebwa.

Nikaupata. Nikamwacha wa kwanza. Wa pili akateleza. Nikaingia ndani. Kipa akatoka kunifuata, nikampita na yeye kidogo, goli likabaki tupu, pana, langu. Miaka minane natia krosi tu! Nikainua mguu.

Na mguu huu mpumbavu ukamtafuta Melchior. Haukuniuliza. Wala haukutia krosi ya juu kama zamani. Uliupeleka mpira chini, polepole, kwenye mguu wake wa kushoto, ule mzima. Nani aliuambia? Hakukimbia. Hakuruka. Aligeuza kiatu tu, mpira ukaingia kama mtu anayeingia kwao.

Moja kwa sifuri! Na filimbi!

Wakambeba Melchior. Mimi nilibaki pembeni, vumbi lile lile. Mama Kyakimwa akaja kwangu kwanza, kabla ya kwenda kwa mwanawe, akachukua upindo wa kitenge na kunipangusa uso wote mbele ya watu wa Butembo na wa Beni, kama mtoto aliyetoka kula. Sikusogea. Sikutaka amalize.

Kisha Melchior akaomba ashushwe. Akasema mguu wake umeaga leo, haurudi tena pale. Nafasi anaiacha, anamwachia Jumaine. Wote wakamwangalia mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

NIMEPATA! Mpango umefaulu, hatua kwa hatua, kama nilivyoupanga tangu mwanzo!

Jumapili, tarehe 30

Mechi yangu ya kwanza ya avant-centre. Tumecheza na vijana wa Lubero, tumeshinda, na bao limefungwa na mimi. Niandike ukweli wote: mpira ulinipiga sikioni ukaingia. Bao ni bao. Wamenibeba mabegani! Wamenizungusha uwanja mzima. Huko juu unaona mbali.

Niliona upande wa kulia. Melchior amekaa pale kwenye mstari, mguu amenyoosha, mama yake ubavuni anachoma mahindi. Na mbele yao winga mpya, Ésaïe, fundi wa baiskeli. Kila Ésaïe anapopita pale Melchior anamwambia neno, naye anacheka. Mechi nzima! Wanacheka nini? Kutoka katikati husikii chochote. Unasimama peke yako, mabeki wawili wananuka jasho usoni pako, unangojea. Wakati wa mapumziko Mama Kyakimwa alimkatia Ésaïe nusu ya hindi, ile nusu ya chini yenye punje kubwa.

Sasa nimeelewa jambo ambalo timu nzima haijaliona. Mchezo wote uko kwenye winga! Avant-centre ni mtu wa kungojea tu. Ésaïe hana uzoefu wa pembeni, ila ana kichwa kikubwa, angefaa sana katikati. Lazima nirudi kulia kabla ya mechi ya marudiano na Beni. Mpango tayari ninao. Kwanza nitaanza kulalamika kuhusu sikio. Nzanzu ataona huruma. Ésaïe nitamweleza, kwa upole, raha ya kubebwa mabegani, na yeye mwenyewe ataniomba tubadilishane.

Nilimsomea Nasiba mpango wote, hatua kwa hatua. Akaniuliza kwa nini nisivae viatu jioni hii nikaenda tu kwao, nikakaa na Melchior, nyumba yenyewe iko hapo chini na taa inaonekana.

Mwanamke huyu namwonea huruma. Hajui mpira kabisa.